Ua la Nyongeza Turau

Jamani, mmeniuliza sana. Kanisani mmeniuliza, kwenye lifti ya jengo letu mmeniuliza, na Mama Furaha wa ghorofa ya juu ameshaisimulia safari yangu mpaka ikawa na vitu visivyokuwepo, eti nililala porini na mbwamwitu. Sikulala porini. Nimeamua niandike mara moja, msome wote, mniache nipumzike.

Kwa asiyejua, marehemu baba yangu alisoma Belarusi enzi za Wasovieti, mambo ya kuchimba mifereji na kukausha mabwawa. Kabla hajarudi Kigoma na kumwoa mama yangu, aliacha huko mtoto wa kike, Nadia. Ni dada yangu, baba mmoja. Walipoteana miaka mingi, wakapatana tena Baba akiwa mzee, kwa simu ya video. Nadia anafundisha jiografia katika mji mdogo unaoitwa Turau. Baba alipofariki nilikwenda Kigoma, tukamzika, nikarudi Toronto. Nadia alikuwa hajaambiwa.

Nanyi mnajua kwetu mambo yalivyo. Mtu wa mbali hapigiwi simu akaambiwa fulani amekufa. Anaambiwa mgonjwa hali yake si nzuri, basi, halafu anatafutwa mtu wa kwenda kukaa naye, ale, atulie, ndipo aambiwe. Hata mimi Baba Mdogo alinipigia nikiwa kazini, pale tunapohudumia wazee, akasema, "Baba yako anaumwa, jitahidi uje." Nikakaa chini sakafuni palepale, maana nilishajua. Lakini Nadia hakukulia kwetu. Yeye akiambiwa mtu anaumwa, anaelewa kwamba anaumwa.

"Msiba hatuwezi kuufunga wakati kuna mtoto hajajua," Baba Mdogo aliniambia. "Wewe si uko hukohuko Ulaya? Nenda ukamwambie."

"Baba Mdogo, mimi niko Kanada."

"Ndiyo, hukohuko. Asije akajua akiwa peke yake."

Kwa Baba Mdogo, Toronto na Belarusi ni kama Mwanga na Gungu pale Kigoma, unavuka barabara umefika. Basi nikampigia Nadia, nikamwambia Baba anaumwa na mimi nakuja Turau kumtembelea yeye. Kwa Kiingereza chake cha vitabuni akauliza Baba anaumwa nini. Nikasema, kifua. Haki ya Mungu, sijui hicho kifua kilitoka wapi.

Etobicoke, Toronto, hadi uwanja wa ndege

Mama Furaha ndiye aliyenipeleka kwa gari lake. Yeye ni mtu wa Uvira, Kongo, na akiendesha anazungumza kwa mikono yote miwili, kwa hiyo wasiwasi wangu ulianza kabla hata sijaiona ndege.

"Sikia, Zawadi," akasema. "Akule kwanza. Akishakula, umwambie. Na asikuwe amesimama, ataanguka, utamubeba na nani kule?"

Binti yangu Rehema alikuwa kiti cha nyuma na simu yake. Akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yao, kwamba Mama, si ungemtumia tu ujumbe? Mama Furaha nusura aligonge gari la mbele.

"Ujumbe! Mutu amekufa, unaandika ujumbe? Huyu mutoto mumemulea namna gani?"

Nikacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Nilikuwa nawaza kwamba kwa mtu kama Nadia huenda Rehema ndiye yuko sahihi, na sisi wengine ni watu wa ajabu. Kabla sijashuka, ujumbe wa Nadia ukaingia: "Baba amekula leo?" Nikatazama yale maneno mpaka Mama Furaha akanipokonya simu akaitia kwenye mkoba wangu.

Warszawa, basi lenye harufu

Ndegeni sikulala. Nilikula kila walicholeta, maana mimi nikiwa na hofu nakula. Warszawa, Polandi, nikapata basi la kwenda Brest, mji wa kwanza ukishaingia Belarusi, nikaweka begi langu kwenye rafu ya juu na kujikausha.

Tatizo lilikuwa dagaa. Nilikuwa nimembebea Nadia dagaa wa Kigoma, waliokaushwa vizuri, nimewafunga kwenye mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Basi likawasha kipasha joto. Baada ya muda dereva akaanza kunusa. Halafu jirani yangu, bibi mmoja mwenye kilemba cha maua na kapu la mitungi ya matango ya siki, naye akaanza kunusa. Nikatazama nje kana kwamba sijui lolote. Mwenzenu jasho lilikuwa linanitoka kwapani.

Bibi akanigusa bega, akanyoosha kidole juu kwenye begi langu. Nikajua nimekwisha, nitashushwa njiani. Nikashusha begi, nikafungua mfuko, nikamwonyesha nikiwa tayari kuomba radhi kwa lugha yoyote. Bibi akachukua dagaa mmoja kwa vidole viwili, akamtazama machoni, akamtia mdomoni. Akatafuna. Akageuka nyuma akawatangazia abiria jambo fulani kwa sauti kubwa, na mikono ikaanza kuja. Kumbe wenzetu nao ni walaji wa samaki mkavu! Tulipofika mpakani, mgao wa Nadia ulikuwa umepungua, lakini nilikuwa nimepewa mayai ya kuchemsha, mkate mweusi, matango, na kipande cha mafuta ya nguruwe nilichokishika mkononi muda mrefu nikitafuta pa kukiweka.

Kwenye daraja

Mpakani kuna mto na daraja, na juu ya daraja kuna foleni. Sitawachosha. Basi lilisogea kidogo, likazima injini. Likasogea tena, likazima. Watu walishuka kunyoosha miguu, wakapanda, wakalala, wakaamka, na tulikuwa tunautazama mti uleule. Bibi wa matango alifuma soksi. Mimi nilikuwa najizoeza.

Nilijaribu, "Dada, Baba ametutoka." Nikaona hapana. "Dada, Mungu amempenda zaidi." Nadia sijui hata kama anamwamini Mungu. "Dada, kaa chini." Hilo lilikuwa sawa, ila baada yake sikuwa na neno.

Simu ikalia. "Zawadi, Baba anaweza kuzungumza leo? Nataka kumwona." Nikaandika kwamba niko mpakani, tutazungumza nikifika. Akajibu, "Usijali. Pole kwa safari." Lile neno pole aliliandika kwa Kiswahili. Baba ndiye aliyemfundisha. Nikaficha uso kwenye mtandio, bibi akaacha kufuma, akanipa yai jingine.

Treni ya mabwawani

Kutoka Brest nilipanda treni inayokwenda mashariki, kupita nchi wanayoiita Polesia. Jamani, hiyo nchi ni tambarare, hakuna hata kichuguu. Na ilikuwa majira ya kuchipua, mito imejaa, basi maji yametanda mashambani pande zote mbili za reli, miti imesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, na juu ya nguzo za umeme korongo weupe wamejenga viota vikubwa kama ungo. Nilitazama nikasema moyoni, huku ndiko Baba alikokuja akiwa kijana, mtu wa Kigoma aliyezoea milima inayoshuka ziwani, akapewa buti ndefu akaambiwa akaushe haya maji.

Mifereji niliiona, imenyooka kama imepigwa rula. Baba alikuwa akitusimulia. Alisema ukisimama katikati ya bwawa la huko husikii kitu isipokuwa ndege na moyo wako. Sisi watoto tulicheka, tukadhani anatia chumvi.

Nililia kidogo pale dirishani, nikajikaza. Nilijiambia nimalize machozi yangu yote humo humo treni, nisije nikafika kwa Nadia na macho mekundu akajua kabla hajala.

Zhitkavichi, sokoni kwa maua

Treni iliniacha kituo cha Zhitkavichi, na basi dogo la kwenda Turau lilikuwa bado. Nje ya kituo kulikuwa na kina mama wameweka ndoo za maua ya tulipu. Nikaona siwezi kuingia nyumbani kwa dada yangu mara ya kwanza na dagaa waliobaki nusu. Nikamwendea mama mmoja mnene mwenye koti la bluu, nikaonyesha mekundu. Akanichagulia matano, mazuri, akayafunga kwa uzi.

Sasa mimi nimekulia sokoni Kigoma, nawezaje kununua kitu bila nyongeza? Nikaonyesha kidole kimoja, nikaashiria ndooni: niongeze moja. Akatikisa kichwa. Nikatabasamu, nikaashiria tena. Akatikisa kichwa kwa nguvu, akachomoa mawili, akataka kuniongezea yote mawili. Nikamwona mjanja, anataka aniuzie zaidi. Nikakataa, nikashika moja: moja tu, mama, la nyongeza! Tukavutana hivyo mpaka majirani zake wakageuka kututazama.

Ghafla uso wake ukabadilika. Akanitazama vizuri, mtandio wangu mweusi, macho yangu. Akasema neno polepole, kwa upole, akachomoa tulipu moja akaliunganisha na yale matano. Kisha akafanya ishara ya msalaba, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Na lile ua hakutaka kulipwa.

Nikaondoka nimefurahi kwamba nimeshinda, ila nikawa najiuliza tangu lini muuzaji akikupa nyongeza anataka kulia.

Turau

Turau ni mji mdogo kweli. Nyumba za mbao zimepakwa bluu na kijani na manjano, madirisha yana nakshi, nyuma ya kila nyumba kuna bustani, na mwisho wa bustani kuna maji. Mto Pripyat ulikuwa umefurika, nyasi zote za malisho zimekuwa bahari, na ndege walikuwa wengi mpaka kelele zao zinasikika ukiwa umefunga dirisha.

Nadia alikuwa amesimama kituoni. Jamani, ni paji la uso la Baba. Kwenye simu nilikuwa silioni vizuri, lakini pale, mtu mwenye rangi ya chai ya maziwa, nywele kazifunga nyuma, na paji la uso la Baba kabisa. Nikamkumbatia.

Nyumbani kwake anaishi peke yake, mama yake alishafariki. Alipokea maua, akashukuru, akayatia kwenye chombo. Kisha nikamwona anayahesabu kwa midomo. Akachomoa moja, akaliweka peke yake kwenye gilasi dirishani, yale matano akayaleta mezani.

Nilihisi kama amenipiga kofi. Nikasema, dada yangu huyu hata maua yangu hayataki yote. Labda lile lina kasoro, au labda ndivyo anavyoniambia kwamba mimi na yeye tuko mbalimbali. Nikakaa nimejikunyata.

Meza ilikuwa imejaa. Chapati za viazi na maziwa mgando, supu nyekundu ya viazisukari, samaki wa Pripyat wa moshi, uyoga. Nikamshukuru Mungu, nikasema ale sasa, akimaliza nitamwambia. Lakini mwenyeji alikuwa yeye! Kila nikimwambia, "Dada, kula," anasema, "Wewe kwanza, umetoka mbali," ananiongezea. Mimi nakula, yeye anatazama. Ule ushauri wa Mama Furaha haukuwa umefikiria jambo hilo.

Halafu nikaliona sanduku. Lilikuwa mlangoni, limefungwa tayari. Akaona ninalitazama, akalifungua kwa furaha.

"Haya ni matunda ya msituni, nimeyakausha kwa ajili yake," akasema. "Hii asali. Hizi soksi za sufu, najua Kigoma kuna joto, lakini mgonjwa husikia baridi miguuni. Na hii," akainua chupa ndogo yenye kitu cheupe, "ni mafuta ya mnyama wa porini, kama nyegere. Ni ya kupaka kifuani. Nilimtafuta mwindaji kijiji cha tatu. Ulisema ni kifua."

Nikasema ndiyo.

"Nimeomba ruhusa shuleni. Tutakwenda wote kwa Baba, Zawadi. Mimi na wewe."

Nilipaswa kumwambia hapo hapo, lakini alikuwa amesimama, na alikuwa hajala, na ameshika ile chupa. Nikasema, "Dada, nitembeze kidogo mjini. Tumbo limejaa." Mwoga mimi.

Benchi la makaburini

Akanitembeza kama anavyowatembeza wanafunzi wake. Akanipandisha kilima kilipokuwa ngome ya wafalme wa zamani, maana Turau, msiione ndogo, ilikuwa na wafalme wake. Hapo pana jumba la kioo lililofunika misingi ya kanisa la matofali lililoangushwa na tetemeko la ardhi karne nyingi zilizopita. Tetemeko, kwenye nchi tambarare vile! Akanionyesha mitaa waliyoishi Wayahudi wengi kabla ya vita, wafanyabiashara na mafundi, wakauawa, na nyumba zao zikapata wenyewe wengine. Akasema anapofundisha hapo sauti yake hukauka kila mwaka.

Tukafika ukingoni mwa mto. Akanyoosha mkono kwenye mfereji. "Huu Baba aliupima. Mama alinionyesha nikiwa mdogo. Siku hizi sehemu nyingine wanairudishia maji, kwa sababu udongo ulikauka mno, upepo ukaupeperusha. Nilimwambia Baba kwenye simu. Alicheka sana. Alisema, basi nitakuja niwasaidie kuziba."

Mwisho akanipeleka makaburini. Kuna msalaba mdogo wa jiwe pale, umetokeza ardhini, na watu wa Turau wanasema unakua, kila mwaka unapanda kidogo, hakuna aliyeupanda. Wenye wagonjwa huja kuufunga vitambaa. Nadia akanionyesha kitaulo cheupe kilichotariziwa nyekundu. "Hiki ni cha Baba," akasema. "Nilikifunga siku uliyonipigia."

Pembeni palikuwa na kaburi la mama yake. Huko makaburi yana meza ndogo na benchi, kwa ajili ya jamaa kukaa. Juu ya kaburi kulikuwa na maua ya tulipu, akayainamia kuyapanga.

"Zawadi, nadhani nilikuudhi kwa ua lile," akasema bila kugeuka. "Hujui desturi yetu. Mtu aliye hai hupewa matatu, matano, saba. Mawili, manne, sita, hayo ni ya marehemu. Wewe ulileta sita. Najua hukujua. Lakini Baba anaumwa, nikaogopa, nikalitoa moja."

Nikamkumbuka yule mama wa koti la bluu alivyonishika mkono. Yeye alikuwa ameelewa kila kitu.

"Dada Nadia," nikasema, "njoo ukae."

"Niko sawa hivi."

"Kaa, dada yangu. Tafadhali."

Alipokaa, maneno yote niliyojizoeza darajani yalipotea. Nikasema tu, "Maua hayakukosea."

Hakulia. Alitazama kile kitaulo muda mrefu. Kisha akauliza, "Lini?" Nikamwambia. Akavuta mkono wake kutoka kwenye wangu.

"Kwa hiyo uliponipigia alikuwa ameshazikwa. Mimi nauliza amekula nini, wewe unaniambia kifua. Nimekwenda kwa mwindaji! Nimemfungia kitambaa maiti!" Sauti yake ilipanda mpaka ndege wakaruka. "Kwa nini? Mimi si mtoto. Mngeniambia!"

Niliogopa, jamani, kuliko nilivyoogopa safari nzima. Nikaona nimemkosa dada yangu siku hiyohiyo niliyompata. Nikamwambia ukweli, sikuwa na kingine. Nikamwambia kwetu hatumwachi mtu aipokee habari hiyo amesimama jikoni kwake, simu mkononi, nyumba tupu. Nikamwambia hata mimi niliambiwa anaumwa. Nikamwambia wazee walikaa Kigoma wakasema msiba haufungwi mpaka mtoto wa Belarusi ajue, na ajue akiwa na mtu.

"Walisema hivyo? Mtoto wa Belarusi?"

"Walisema mtoto wa kwanza," nikamjibu. "Hivyo ndivyo walivyosema."

Akainama, akaziba uso. Sikumgusa. Nilikaa tu pale kwenye benchi, ndege wakarudi kwenye maji, na baadaye yeye mwenyewe akaegemea begani kwangu.

Tuliporudi nyumbani hakuvua koti. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akalitoa lile ua kwenye gilasi, akaja nalo mezani, akalirudisha kwenye chombo pamoja na yale matano. Akayasogeza vizuri. Ndipo akakaa, na kilio kikaja, nami nikalia naye, yale machozi niliyodhani nimeyamaliza kwenye treni.

Baba Mdogo akapiga. Alikuwa amekaa na simu siku nzima, nilijua kwa sauti yake.

"Ameshajua?"

"Ameshajua, Baba Mdogo."

"Yuko na nani?"

Nadia alikuwa amenishika mkono, hajui tunasema nini.

"Yuko na mimi," nikasema.